Behewa la Mwisho

Karama, Dubai
14 Agosti 2016

Mdogo wangu Belinda,

Natumai leo umeamka, ukatia japo uji tumboni, maana Mama Agneta wa jirani ameniambia hutaki kula. Kula, mwaya. Mimi ni mzima wa mwili tu. Kwa simu naishia kulia tu, ndiyo maana nimempa Josephat wa hapa mtaani kwetu barua hii, anakuja likizo Tabora.

Asante kwa kumzika mwanangu vizuri. Nilipopata ruhusa ya kusafiri, mlikuwa mmeshamzika Evans. Homa ya siku mbili tatu tu, jamani! Hukukosea kitu, Belinda, si hospitalini wala miaka yote uliyomlea.

Najua kinachokutafuna. Ulilia kwamba ile treni ya kuchezea bado iko juu ya kabati, ndani ya boksi lake, na kwamba mtoto amekufa hajaona zaidi ya picha ya kwenye kifuniko, kwa sababu ulimkataza. Nisikilize basi.

Duka ninalosafisha kule mtaa wa Al Rigga ni la Bwana Zein, mzee mwenye asili ya Unguja, anauza treni za kuchezea za zamani. Siku ya kwanza nilicheka: mtu mzima na midoli! Akaniita, akafunua boksi moja. We! Kila kitu kimelala mahali pake: kichwa cha treni cha bati, reli, ufunguo wa kuzungusha ili ikimbie, mabehewa manne, kila kimoja na kitanda chake. Miaka yote hiyo na hakijapotea hata kimoja. Mimi niliyemwacha mwanangu mbali nilisimama pale na fagio langu nikalia. Bwana Zein akasema hata wanunuzi wake wengine hulia, tena hawataki boksi lililochezewa. Evans alipopata komunio ya kwanza, mzee akanipa ile treni nimtumie.

Nami nikakuagiza uitunze kama zile sahani za Mama za wageni, isiguswe mpaka nirudi nifungue naye. Agizo lilikuwa langu. Wewe ulitii tu.

Sasa nakwambia nililoapishwa nisiseme. Evans alilifungua lile boksi. Jumamosi ukienda mazoezi ya kwaya, alipanda kiti, akalishusha, akaikimbiza treni sakafuni, kisha akarudisha kila kitu kitandani mwake kabla hujafika. Aliniambia mwenyewe kwa simu yako, akinong'ona, wewe uko jikoni unasonga ugali. Alisema mama mdogo akijua, yeye atakiona cha moto. Nikajifanya nimekasirika, halafu tukacheka wote wawili. Alicheza, Belinda. Alicheza mpaka akachoka. Usijilaumu tena, nakuomba.

Ila behewa la mwisho, lile jekundu, aliniambia hajalitoa hata mara moja. Alisema hilo analiacha mpaka nirudi, tulitoe pamoja.

Wape treni watoto wa hapo jirani waichezee, na wakiiharibu, waache. Hilo jekundu usiliguse, wala usimruhusu mtu. Nakuja Desemba, nitalitoa mwenyewe.

Msalimie Mama Agneta, na wanakwaya wote waliomwimbia. Mungu akushike mkono mpaka nifike.

Ni mimi dada yako,
Emiliana, mama yake Evans