Taa Mbili za Mwalimu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo wewe, hajambo shemeji, hawajambo wanangu wawili? Sisi huku tu wazima wa viungo, ila si wazima wa moyo, na sababu utaiona ukiendelea kusoma. Tafadhali isome barua hii ukiwa umekaa. Hii ni mara ya nne naiandika. Tatu za kwanza nilizichana.

Baba yupo. Miguu inamsumbua, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote. Kila asubuhi anakuja dukani na fimbo yake, anakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka ambacho hakijawahi kupata mnunuzi, na kuanza kukosoa. Nikisugua shaba, husema naisugua kama naosha sufuria. Nikinyamaza, huuliza nani kanikata ulimi.

Biashara inakwenda hivyo hivyo. Watu wanapenda vitu vya kale, ila uzee wake hawautaki. Juzi mama mmoja alirudisha saa ya ukutani akilalamika kwamba inagonga kila saa. Yule mletaji wetu wa mizigo, Bwana Haipungui, bado anatuletea masanduku na redio mbovu, na bei yake bado haijapungua hata siku moja. Taa ndizo zinazotulisha. Natoboa tangi la mafuta, napitisha waya, nafunga holda ya balbu pale palipokuwa na utambi, narudisha chemni ya kioo juu, na mtu anaondoka akifurahia taa ya babu yake isiyonuka mafuta. Wewe ungezifanya vizuri zaidi. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa, hata baba analijua hilo.

Nimezunguka vya kutosha. Mwezi uliopita binti wa Mwalimu alikuja dukani. Nilipomwona mlangoni niliweka bisibisi chini, maana kwa miaka kumi na moja alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele yetu. Alisema nyumba ya mama yake, marehemu Mwalimu, imeuzwa, yeye anahama, na kuna sanduku ambalo ameshindwa kulibeba na ameshindwa kulitupa. Aliliweka mezani, akasema hataki malipo, akatoka. Sikuhitaji kulifungua ili nijue kilichomo. Zilikuwa zile taa mbili pacha ambazo mimi na wewe tulizigeuza kuwa za umeme kwa siku moja, wewe moja, mimi moja, kisha wewe ukazipeleka na kuzipanga nyumbani kwa Mwalimu. Moja bado ilikuwa safi. Nyingine ilikuwa na doa jeusi chini, pale waya unapoingilia. Ndiyo hiyo ambayo Mwalimu aliishika akiifuta na kitambaa chenye maji, akafa.

Najua hupendi kukumbushwa. Nakukumbusha kwa sababu siku ile mimi siikumbuki kama unavyoikumbuka wewe. Ulisema mbele ya polisi na mbele ya baba, kabla hata hujaulizwa, kwamba kosa ni lako, kwamba wakati unasogeza taa nyuma ya kabati uliuvuta waya, ukahisi umekwama, ukauvuta tena kwa nguvu. Mkubwa ni jalala, na wewe ulijitupia takataka mwenyewe. Polisi waliandika kuwa ni ajali. Baba alikunyang'anya bisibisi na koleo, akasema mkono ulioua hautagusa kazi yake tena, nawe ukaenda kubeba magunia ghalani, wewe fundi kuliko sisi sote. Taa zenyewe hakuna aliyezifungua. Binti alizifungia, na nani angekuwa na uso wa kwenda kumwomba?

Basi baba alilikuta sanduku pale mezani. Nilitaka kuliondoa, nikachelewa. Alivaa miwani yake, moja juu ya nyingine kama kawaida yake, akaomba bisibisi, akaifungua ile yenye doa. Unalijua lile fundo tunalofunga ndani, chini ya holda, ili mtu akivuta waya usichomoke. Alitufundisha yeye mwenyewe. Lako linageukia kulia. Mimi ni mtu wa mashoto, langu linageukia kushoto, na baba alizoea kunitania kwamba taa zangu zimevaa shati nyuma mbele. Alilifuata fundo lile kwa ncha ya bisibisi, likageukia kushoto. Kisha akaingiza kidole kwenye tundu la waya, mahali panapokaa kipete cha mpira kinachozuia shaba isikate waya. Kipete hakikuwepo. Alikutana na ukingo mtupu, mkali, na kidole chake kikatoka na damu. Akaifungua na ile nyingine. Fundo lilikuwa la kulia, na kipete kilikuwepo, kimekakamaa kwa miaka lakini kipo. Hakuniangalia usoni, aliniangalia mikono. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikajibu hujui. Akaniuliza kama mimi nilijua.

Kaka, nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Kipete kilikuwa kimebaki kimoja, nawe ulikichukua bila kujua kuwa ni cha mwisho. Nilikuwa nimechoka, nataka kwenda zangu. Nilipitisha tupa kwenye ukingo mara mbili kuupunguza ukali, nikaona panatosha. Uliniuliza kama nimeweka kipete, nikakwambia nimeweka. Ulikuwa uongo wa mvivu, uongo wa kila siku, na kama Mwalimu angeishi ningeusahau kabla ya kula. Waya uliuvuta, ndiyo, kama kila fundi anavyouvuta, na fundo linafungwa kwa ajili hiyo hiyo. Kungekuwa na mpira pale, ungeuvuta mwaka mzima.

Habari ya kifo ilipofika nilifungua mdomo niseme. Wewe ukaniwahi, ukasema ni wewe, na mimi nikapata ahueni. Hilo linanitia aibu kuliko hata lile tundu. Nikajiambia nitasema kesho. Mama alipofariki na baba akakukataza kushika jeneza, mimi nilisimama mahali pako nikalibeba, na wewe ukafuata nyuma pamoja na majirani. Nilikusikia unalia nyuma yangu. Hata siku ile sikusema.

Nimekwenda kwa binti wa Mwalimu kabla hajahama, nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza kwa nini nilimwacha amchukie mtu ambaye hakumkosea. Alisema barua zako za kumwomba radhi, zile za kila mwaka, anazo zote na hakuwahi kufungua hata moja. Kituo cha polisi pia nimefika. Wameandika maelezo yangu, wakaniambia nisisafiri mpaka watakaponiita.

Limebaki moja, na usimgombeze shemeji. Mwaka jana aliniandikia bila wewe kujua. Alisema umeme umefika mtaani kwenu na nyumba zote zimeunganishwa isipokuwa yenu. Fundi alipokuja kupima ulimfukuza, kisha ukaenda kukaa uani, hutaki kuingia ndani. Wanangu wanasomea kandili, na yule mdogo macho yameanza kumuuma. Aliniomba nizungumze nawe kwa kuwa mimi unanisikiliza. Nilimjibu nitafanya hivyo, na sikufanya, kwa sababu maneno ya kukutoa hofu nilikuwa nayo mimi peke yangu, na yalikuwa haya ninayoyaandika leo.

Radhi siombi. Sina haki ya kuiomba, na wewe kwa huruma yako ungenipa haraka, nami ningejiona nimepona. Naomba kitu kingine. Mwite yule fundi arudi. Au usimwite, nunua waya, uutandaze mwenyewe chumba kwa chumba, kwa mikono yako. Kaka, mikono yako haikuua mtu.

Baba anakusalimu. Nilimuuliza niongeze nini, akasema atakuandikia mwenyewe mkono ukitulia. Nimemwekea karatasi na kalamu. Mkono bado haujatulia.

Msalimie sana shemeji. Wanangu waeleze habari hii wewe mwenyewe, kwa maneno utakayoona yanawafaa, na usinifichie kitu. Wakikataa kuniita baba mdogo, usiwalazimishe.

Ni mimi,
Mdogo wako