Nyota Mbili Mkiani mwa Nge

Mbarara, Agosti 1987

Shikamoo Baba,

Jioni za hapa ni vumbi jekundu na chai ya maziwa matupu; kila nikinywa nakukumbuka. Hajati, mama mwenye nyumba nilimofikia, anauza miwani, na ile ya kuonea mbali huijaribu kwa nyota tu, hasa zile za kundi la Nge. Jana baada ya Magharibi alimtoa nje uani mchungaji mzee wa ng'ombe aliyekuja kutoka Nakivale. Wanawe wanataka kumpokonya fimbo, kwa kuwa hatofautishi tena ng'ombe wake na wa jirani.

"Mzee, angalia mukia ya Nge, pale inapinda. Iko nyota ngapi?"

"Moja."

Akambadilishia miwani. "Na sasa?"

"Mbili. Zilikuwa mbili siku zote?"

"Tangu Adamu."

Mzee alicheka mpaka akaketi chini. Nami nilizitazama nyota zile pacha kama sijawahi kuziona. Shuleni tulifundishwa kwamba hata moyo mwekundu wa Nge ni nyota mbili, lakini Hajati anasema miwani ya kuzitenganisha hizo hana.

Kadi ikikufikia, Baba, toka nje jioni uhesabu zile za mkiani. Usimwulize Mama. Ukiniandikia "moja" sitacheka. Nitarudi na miwani.

Mwanao akupendaye,
Sadiki