Maua kwenye Vichujio vya Mama

Karakana ya Mama,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto,
Tarehe 14 Machi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako huko kwenye baridi? Wifi na mapacha hawajambo? Na ule mgongo wako umepoa? Sisi wazima, ila Mama ana kikohozi cha vumbi la udongo, nacho hakimzuii kugombana na watu.

Barua yako niliipata. Ulisema vyungu vya kuchujia maji havina faida, kwamba umempata mnunuzi wa karakana, na kama shehena ya zahanati za ng'ambo ya mpaka isipovuka mwezi huu, tuuze. Nilinuna siku mbili, sikufichi. Ila hofu yako niliielewa, maana shehena ilikuwa imekwama forodhani wiki ya tatu.

Unajua kilichoikwamisha? Maua! Si unamjua Mama, hawezi kuacha chungu bila kukichora ua. Afisa wa forodha akavitazama, akaandika "mapambo ya nyumbani." Mapambo yanatozwa ushuru wa robo ya bei, lakini vifaa vya kusafisha maji havitozwi hata senti, kwa mkataba wa nchi hizi mbili. Kwa ushuru ule, zahanati zisingenunua hata kimoja.

Nikamwomba Mama aache maua. Weee! Alikuja juu: "Nife kwanza, ndipo mtengeneze vyungu vyenye vipara."

Basi nikakaa na ule mkataba, kurasa sitini, macho yakanitoka. Kumbe mkataba unasema bidhaa hupangwa kwa kazi yake, si kwa sura yake, mradi maabara ya viwango imeipima. Sisi hatukuwahi kupima, kaka! Miaka yote Mama anaonja maji, anasema "safi," imeisha. Kosa lilikuwa letu.

Nikawaita wapimaji hadi ghala la forodha, wakapima chungu kimoja kimoja. Vinane vilifeli, na Mama akavivunja mwenyewe mbele yao, machozi yanamlengalenga. Vingine vyote vikapata cheti. Yule afisa alikisoma mara mbili, akafuta "mapambo" kwa kalamu yake. Nilikuwa nikidhani kanuni zipo kutubana tu. Sasa kila fungu linapimwa kabla ya kutoka hapa, na zahanati zinatuamini kwa sababu hiyo.

Jana lori lilivuka, maua na yote. Oda nyingine ya vyungu mia sita imeshaingia.

Kwa hiyo mwambie mnunuzi wako, kwa heshima zote, atafute kwingine. Na wewe nina hamu nawe, hata kama uliniudhi.

Msalimie sana wifi, wabusu mapacha, na babu mdogo ukimpigia simu mwambie tunamwombea. Mungu akutunze huko uliko, akupe afya na riziki ya halali.

Mama anasema ukija likizo njoo na mikono yako miwili tu. Udongo wa kukanda ni mwingi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kichwa changu kigumu,

Kitindamimba