Hatua Kumi na Moja Kutoka Mnarani

Jumapili, 7 Julai 2019

Ilannguaq,

Leo nimevaa glavu zako. Ya kulia bado ina lile doa la rangi ya chungwa kiganjani. Sabuni ilishindwa, mafuta ya taa yakashindwa. Ni kubwa kwangu, lakini zina joto.

Tumefika kambini jana kwa boti ya ndugu yako Avataq. Hema liko palepale. Binti yake Naduk amekuja na mtoto – miezi mitatu sasa, alizaliwa baada ya kifo chako, na jina lako juu yake. Nilimbeba, nikamwita "mume wangu" kama inavyopasa kumwita aliyerithi jina la marehemu, naye akanikojolea! Avataq alicheka hadi akashika nguzo ya hema. "Vumilia, shemeji. Hata yule wa kwanza ulimlea mwenyewe."

Sidsel wa Copenhagen yupo, na wenzake wawili wanaopima barafu. Amenikabidhi kamera yako. Kazi ni ileile: kupanda kilimani, kusimama kwenye mnara mdogo wa mawe yaliyopakwa rangi ya chungwa, kupiga picha ya uso wa mto wa barafu. Kila mwaka mahali palepale, ili waone barafu imerudi nyuma kiasi gani. Miaka kumi na moja ulipanda, mimi nikabaki chini nachemsha nyama ya sili. Sijui ulikuwa ukiwaza nini kule juu. Nataka kujua.

Jumatatu, 8 Julai

Nimepiga.

Barafu si nyeupe, uliniambia, nami nikadhani unajidai. Kweli si nyeupe! Kwenye nyufa ni buluu, chini ni kijani, na pembeni ina mistari ya vumbi kama ngozi ya nyangumi mzee. Mwaka ule tulipooana palikuwa na barafu hadi mdomo wa ghuba. Sasa ni maji, na katikati kimechomoza kisiwa kipya cha mwamba. Hakina jina. Avataq anasema tukiite Kipara, kwa heshima ya kichwa chake.

Jumanne, 9 Julai

Siku mbaya.

Sidsel alipanga picha zote juu ya masanduku. Ya kwanza, ya 2007, alipiga mwalimu wake, yule mzee mwenye ndevu aliyetuletea kahawa. Nyingine zote ni zako, na ya mwisho yangu. Akaniuliza kwa upole kama naona kitu. Nikaona. Katika picha ya mzee, jiwe jeusi la ufukweni linagusa mlima mdogo wa ng'ambo. Katika zako haligusi. Pana uwazi wa kidole kizima. Na katika yangu pia.

Maana yake, anasema, hukusimama aliposimama mzee. Asipojua ni kwa nini, na kwa umbali gani, zako haziwezi kulinganishwa na ile ya kwanza. Ataziweka kando. Kitabu cha utafiti kitatoka bila picha zako, bila jina lako.

Miaka kumi na moja! Na wewe ndiye uliyekuwa ukinirudisha nyumbani kwa sababu nimefunga kamba ya mbwa vibaya.

Sikula. Mtoto alimung'unya mkanda wa kamera, nikamwacha. Ni wake.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi nimepanda peke yangu na ile picha ya mzee mkononi. Nimesimama mnarani, nikatazama. Jiwe haligusi mlima. Nikaenda kulia hatua mbili – uwazi ukazidi. Nikarudi, nikaenda kushoto. Hatua tatu. Sita. Uwazi unapungua. Nilisahau baridi, nilisahau na huzuni, nilikuwa kama mbwa aliyenusa shimo la sili kwenye barafu. Kumi. Ya kumi na moja, mguu sikuuweka chini.

Mawe. Yamepangwa marefu, kiasi cha mtu aliyekunja magoti, na ukoga juu yake kama katika makaburi yote ya wazee wa zamani. Jiwe jeusi la ufukweni lingegusa mlima hapohapo juu yake.

Nikapiga magoti pembeni. Mawe matatu hayakuwa na ukoga. Nikachungulia kwa chini bila kuyainua. Rangi ya chungwa! Yamegeuzwa, upande wenye rangi umelazwa ndani.

Basi nikakumbuka kiangazi cha 2008. Uliporudi kutoka kilimani na kucha za rangi ya chungwa, nikauliza, ukasema, "Nilikuwa nafunika mtu." Nilidhani unatania. Nikakusugua na kukugombeza kwa ajili ya glavu.

Mzee wa watu aliona mawe, hakujua, akajenga mnara wake juu ya kaburi kwa mawe ya kaburi. Nawe uliubomoa, ukamfunika tena aliyelala humo, ukajenga mwingine mbali kidogo. Hatua kumi na moja – nadhani ili hata kivuli chako kisimwangukie. Na hukusema neno, usije ukamwaibisha mgeni aliyekuletea kahawa.

Nimekaa pale muda mrefu. Nimecheka pia.

Alhamisi, 11 Julai

Nilimwambia Avataq kwanza. Akasema, "Mwambie Sidsel ni dubu aliyebomoa. Dubu hawajitetei."

"Na dubu akajenga mwingine akaupaka rangi?"

"Dubu wa siku hizi, shemeji, wamesoma."

Lakini nilimwambia Sidsel ukweli. Anasema lugha yetu kama anayetafuna kokoto, ila huelewa yote. Uso ulimwiva. Alirudia mara mbili: "Mwalimu wangu? Juu ya mtu?" Halafu akanishika mkono. Akasema habari hii inaweza kuokoa picha zako! Ninachotakiwa ni kupiga mbili siku ileile, saa ileile: ya kwanza kwenye mnara wako, ya pili pale aliposimama mzee. Atapima tofauti, na zako zote zitaingia.

"Pale aliposimama mzee ni juu ya kaburi," nikasema.

"Ni dakika moja tu, Tukummeq. Hakuna atakayekuona."

"Ilannguaq hakuhama kwa kuogopa kuonekana."

Baadaye Sidsel alikuja hemani kuniomba radhi, na kipande cha chokoleti kwa mtoto asiye na meno.

Nikikanyaga, picha zako zinaokoka, lakini nimeharibu ulichofanya. Nisipokanyaga, ulichofanya kinabaki, na jina lako halimo. Wewe ungefanyaje?

Ijumaa, 12 Julai

Avataq alikuwa mwambani ananasa vindege kwa wavu wa mpini mrefu. Wanapita kundi zima, naye amekaa kama jiwe, anarusha wavu juu ya vichwa vyao. Nikamtazama. Hakuinuka hata mara moja kuwafuata ndege.

Mpini!

Tumeujaribu jioni juu ya sanduku la kahawa, kana kwamba ndilo kaburi. Wavu umetolewa, kamera imefungwa kwenye ncha ya mpini kwa kamba ya ngozi ya sili, inapiga yenyewe baada ya sekunde kumi. Picha tatu za mbingu, moja ya tumbo la Avataq. Ya tano ilinyooka. Sidsel alipiga makofi.

Jumamosi, 13 Julai

Naandikia hapa juu, mgongo kwenye mnara wako.

Asubuhi kulikuwa kweupe. Picha ya kwanza nimeipiga kwako, safi. Tukahamia kaburini, tukasimama pembeni, tukanyoosha mpini – na ukungu ukapanda kutoka kwenye barafu ukafunika kila kitu. Sidsel anatazama saa. Anasema jua likisogea sana, ya kwanza haifai tena, na kesho helikopta inawachukua.

Avataq ameshika mpini tayari, amechimbia miguu. Analalamika kwamba miaka hamsini ameushika kwa ajili ya kula, leo anaushika kwa ajili ya kutazama. Naduk amepanda na mtoto mgongoni. Nimemwambia aliyelala hapa kwamba hatutamkanyaga. Jina lake hatulijui. Lako tunalo, linalia njaa.

Ukungu unafunguka kwa chini. Jiwe jeusi limetokea. Mlima bado.

Avataq ananiita, niache kuandika. Ukikutana na huyu mwenye kaburi, mwambie aliyesimama pembeni yake leo ni mke wako. Nawe unikumbuke.