Eti Mgongo Wangu Umefika Kikomo

Jumanne, Jeffersontown

Bon, yule mtu wa bima ya gari alipiga simu tena! Anasema pesa ya kutibu mgongo wangu tangu ajali imefika kikomo. Lakini nikijitoa kwenye kesi tuliyofungulia kampuni yao pamoja na majeruhi wengine waliokatiwa pesa ya matibabu kama mimi, eti mimi peke yangu nitaongezewa.

Nikamwambia: "Mtoto wangu, kwetu Mulenge ng'ombe anayejitenga na kundi, fisi ndiye anamsalimia wa kwanza."

Akakata simu. Mke wangu akacheka kule jikoni. "Baba Neema, na mukishindwa?"

Naogopa, kweli. Bila yule dada wa hospitali wa kuninyoosha mgongo, siwezi kuinama kufunga viatu. Donc nitaenda mahakamani na kambambili, hata kwenye theluji. Jaji aone vidole.