Transista ya Cherehani ya Edith

Alhamisi, 24 Oktoba 1991
Mji umetulia. Siku mbili za kupora! Wanajeshi walivunja milango, raia wakamalizia. Hata kanisani kwetu — viti, vikombe, amplifaya. Reli hakuna treni, hakuna kazi. Leo nimemwona mke wangu Edith akijaribu tena kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Ule wa kulia umekufa tangu mwezi wa sita, sindano ya kinini ya malaria ilipochomwa vibaya. Na cherehani ndiyo inayotulisha! Akanikuta namtazama. "Baba Simone, wacha kuniangaria vile. Njo kazi nataka, haina machozi." Kazi, si machozi — niliona haya.

Jumamosi, 26 Oktoba
Nimefunga mota ya waipa ya gari bovu kwenye cherehani. Inazunguka — mno! Sindano ikavunjika mshono wa kwanza. Zimebaki mbili. Lazima nipunguze mwendo. Nimeanza kuunganisha: saketi ndogo ya miguu nane, inawasha na kuzima umeme haraka haraka; transista kubwa inabeba mzigo; kitufe cha kuzungusha mkononi mwa Edith. Akikizungusha chini, mota inapata umeme kidogo. Vyote nilivikuta kwenye kopo la maziwa. Transista kubwa ni moja tu.

Jumapili, 27 Oktoba
Misa bila spika. Laurent, mkatekista, alisoma majina ya watu wa kuombewa kwa sauti tupu. Sisi wa nyuma — hatukusikia kitu. Amplifaya ile niliitengeneza mimi, mwaka wa 84. Edith kanishika mkono: Siku ya Marehemu watasoma jina la Simone wetu. Mwaka mmoja sasa tangu surua imchukue mtoto. Anataka kulisikia.

Jumatatu, 28 Oktoba
Ilitembea! Polepole, vizuri. Edith alishona mkono mzima wa bulauzi, akacheka. Sijasikia kicheko kile tangu mazishi. Kisha — harufu. Transista imekufa.
Kosa langu, kosa la mtu wa reli. Kila mota inapokatiwa umeme inarudisha pigo, lazima kuwe na diodi ya kulipokea. Sikuweka! Kwenye lokomotivu zetu cheche inaruka, unafuta masizi, unaendelea. Miaka ishirini na miwili nimezoea cheche. Edith alikunja kitambaa tu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 30 Oktoba
Rodrigue, jirani niliyemwambia shida yangu, kaja na mfuko. "Papa technicien, ile kintu unatafuta, iko humu." Transista kubwa, bado imefungwa kwenye kibati cha shaba cha kupooza joto. Shaba ile niliikata mwenyewe, kwa msumeno mbovu — kona moja imepinda. Ya amplifaya ya kanisani.
Nikampa koti langu la reli. Sikumuuliza aliitoa wapi. Kuuliza nini? Nilijua.

Ijumaa, 1 Novemba, Watakatifu Wote
Sikwenda misa. Nilisema ninamalizia kazi, na kweli nimemaliza. Diodi ipo, kibati cha shaba kinaonekana wazi ubavuni mwa cherehani. Edith ameshona tangu asubuhi, bulauzi mbili tayari. Anaimba.
Mchana huu Laurent kaingia, shati limelowa jasho. Furaha tupu! Mtu ameiacha amplifaya mlangoni mwa kanisa, ameona aibu. Nzima, isipokuwa kitu kimoja.
"Inapunguka tu transistor, na ile shaba yake. Njo weye ulitengenezaka, Papa Adalbert. Kesho ni Siku ya Marehemu, ya bafu betu. Utatusaidia?"
Edith akajibu kabla yangu. "Atasaidia. Mutoto wetu pia iko mu liste."
Nikasema ngoja nitafute bisibisi. Niko chumbani, bisibisi iko mfukoni mwangu. Nikiitoa transista, cherehani inakufa, na Edith atauliza. Nisipoitoa, kesho atakaa nyuma na mguu wake, asisikie kitu. Mungu wangu, nimechoka.
Mota inanguruma bado, polepole, vizuri. Nasikia kiti — Laurent amesimama. Edith anamwita: "Kuya uone, mukatekista! Uone kintu bwana yangu alinitengenezea!"