Diski ya Mwalimu Xaveri

Jumatatu, 7 Machi 2016
Tangazo kwa wakazi wote wa Bagara, hapa Babati: leo saa nne na robo asubuhi, mimi Baba Amira, fundi kompyuta, nimenunua bisibisi yenye sumaku. Sherehe hazikufanyika. Mke wangu Sabaha kauliza kama inapika.

Mchana kaja Mwalimu Xaveri, mstaafu, kutoka Bonga. Umeme wa juzi umemuunguzia mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta. Nikamwambia kitu kidogo hicho! Diski ni nzima, naihamishia kwenye mashine nyingine, kila kitu kinakuja kilivyo. Ndani kuna maneno ya Kigorowa aliyokusanya miaka tisa. Madaftari ya mwanzo yalishaliwa na mchwa. Nakala nyingine hana.

Kasema nisiharakishe. Mimi huyo nikaahidi kesho!

Jumanne, 8 Machi
Kioo cheusi. Mstari mmoja mweupe wa Kiingereza: hakuna cha kuwasha. Diski inasomeka, inazunguka, lakini mashine mpya haijui ianzie wapi. Nimejaribu kukitengeneza kile kiprogramu cha kuamshia windo, yaani Windows inayoendesha kompyuta. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Wapi!

Kawaida nafanya kazi mbele ya mteja — watu wa hapa wanaogopa kubadilishiwa vifaa. Leo Mwalimu alikuwa msibani. Aliyekuwepo ni Halidi wa duka la vitenge, na chai yake.

"Injinia, leo umeshikwa!" Akaita wenzake wawili waje kutazama.

Mwishowe ikawaka. Wakapiga makofi. Nikainama kama bwana harusi.

Siandiki zaidi.

Jumatano, 9 Machi
Nimemwambia Mwalimu kwamba Jumatatu nilikosea, diski ilikuja imeshakufa, umeme uliondoka nayo.

Akasema: "Pole, Baba Amira. Umehangaika sana."

Yeye ananipa pole mimi!

Ijumaa, 11 Machi
Nimempigia Twalha wa Arusha, tulijifunza ufundi pamoja. Nikaanza: kuna fundi mmoja hapa Babati... Kacheka sana. Diski ya zamani kwenye mashine mpya, kasema, unabadilisha setingi moja tu ya kuwashia. Dakika mbili. "Huyo fundi wenu ni kinyozi?" Nikacheka naye. Nikasema huenda.

Halafu akaacha utani. Mengi bado yanaweza kuokolewa, ila diski isiwashwe tena. Apelekewe yeye mapema, na aambiwe kilichofanyika hatua kwa hatua, la sivyo atatafuta mahali pasipo na kitu. Na mwenye mali aje mwenyewe, ayatambue mafaili yake.

Mwenye mali aje. Hapo ndipo pagumu.

Jumamosi, 12 Machi
Mwalimu kaja asubuhi na kidumu cha asali. Eti cha kunipoza! Kwapani daftari kubwa jipya. Ameanza upya. Kafika neno la arobaini, kasema, ila yale aliyopewa na marehemu shangazi yake hajui atayapata kwa nani. Sabaha kamkaribisha chai barazani. Mimi nimejificha nyuma ya kaunta na kalamu.

Basi, ilivyokuwa ni hivi. Diski haikufa. Mashine iliniuliza, kwa Kiingereza ninachokielewa vizuri tu, kama nataka kufuta kila kitu. Nikasoma. Nikarudia kusoma. Halidi akasema, "Au tumwite fundi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikabonyeza ndiyo. Nikapiga windo upya juu ya miaka tisa ya mzee wa watu, ili wauza vitenge watatu wasinione nimeshindwa.

Nilijiambia labda maneno yamehifadhiwa sehemu nyingine ya diski. Uongo. Nilikuwa nimeziona sehemu zote, na nilizifuta zote.

Kisha nikaichomoa, nikaiita maiti. Hata Sabaha hajui.

Diski iko mfukoni mwa shati langu. Basi la Arusha linapita saa sita, na sasa ni saa tano kasoro. Nikipanda peke yangu, Twalha hana wa kumwonyesha mafaili. Nikipanda na Mwalimu, atasikia yote mbele ya Twalha. Bora ayasikie hapa, kwangu. Najua. Tangu saa tatu najua.

Kamaliza kikombe cha pili. Namsikia akimwambia Sabaha mumewe ana bidii, wateja hawamwachi apumzike. Sasa ananiita.

"Baba Amira! Unaandika nini huko muda wote? Njoo ukae."

"Nakuja, Mwalimu," nimejibu.

Bado sijainuka.